Saqifa sio muhuri wa kugongea kila kikao

Mhariri,

Asalaam aleikum. Mie msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisoma dukani asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia, likishasomwa ndo linafungia mzigo (msikasirike, ukurasa wa barua huwa naukata naweka pembeni). Nauza vitambaa, bafta, vitambaa vya kanzu, mashuka, na sanda nakata pia, kwa hiyo misiba ya mtaani kwetu mingi habari zake nazipata mapema, wakati mwingine kabla hata ya ndugu wa marehemu walioko mbali.

Naandika sababu ya ile makala yenu ya Ijumaa iliyopita kuhusu uongozi katika Uislamu. Ndugu mwandishi anasema suala la nani amfuate nani lilishamalizwa zamani, kwamba Mtume (S.A.W) alipofariki wazee wachache walikaa Saqifa, kibanda kimoja cha Madina, wakatoka na jina la Abubakar, watu wakafuata, na huo ndo utaratibu wa Uislamu mpaka kiyama. Mengine yote kwenye makala sina ugomvi nayo, kaandika vizuri, ila hiyo sentensi jamani imenikaa rohoni, na sababu yake nawaambieni. Kuna msikiti mmoja wa huku kwetu, siutaji, mwenyekiti wa kamati alifariki, Mungu amrehemu, sanda yake nimekata mimi kwa mkono wangu, basi hata siku tatu za matanga hazijaisha wazee watatu wamekaa sebuleni kwa marehemu wakamtaja mwanawe mkubwa awe mwenyekiti, asubuhi tunaamka tunakuta meseji kwenye grupu la WhatsApp la msikiti, "Uongozi umepatikana kwa njia ya Saqifa, tudumishe umoja." Mzee mmoja akauliza je mahesabu ya ujenzi tutasomewa lini, akatolewa kwenye grupu. Sasa wiki mbili baadae naikuta Saqifa hiyo hiyo kwenye gazeti, tena na picha ya msikiti wa Madina pembeni, nikasema hapana, hili niliandikie.

Mie si sheikh. Nimesoma chuoni kama wengine na darsa za baada ya Magharibi nahudhuria, na kinachosomwa kwenye hizo darsa ni tofauti na kilichoandikwa.

Hebu tuanze na siku yenyewe. Jumatatu, Mfunguo Sita, mwaka wa 11 Hijria, kwa Kizungu Juni 632. Mtume amefariki chumbani kwa mkewe Bi Aisha, mji umechanganyikiwa, Sayyidna Umar kasimama anawaambia watu hajafa, kaenda kwa Mola wake kama Nabii Musa alivokwenda siku arobaini na atarudi, na ole wake anayesema amekufa. Abubakar alikuwa Sunh, nje kidogo ya mji, akaja na farasi, akapita moja kwa moja mpaka ndani, Mtume amefunikwa shuka ya Yemen, zile zenye mistari, akaifunua usoni, akainama akambusu, akalia. Ndo akatoka akawaambia aliyekuwa anamwabudu Muhammad basi Muhammad amekufa, na anayemwabudu Mwenyezi Mungu basi Mungu yu hai hafi, akasoma ile aya ya Al Imran ya 144, na Umar mwenyewe anasimulia kwamba aliposikia aya ile miguu ilimwisha nguvu, akaanguka chini. Watu wa namna hiyo, wa hali hiyo, ndo tunaambiwa walikaa "wakafuata utaratibu". Utaratibu gani? Wengine hata kuamini hawajaamini.

Maansari, wenyeji wa Madina, walikuwa wameshakusanyika kwenye kibanda cha Bani Saida, ndo hiyo Saqifa, ni banda la kivuli tu la ukoo mmoja. Wanamtaka Saad bin Ubada, mkubwa wa Khazraj. Na Saad mwenyewe alikuwa mgonjwa, ana homa, kajifunika nguo gubigubi katikati ya watu. Wahajirina, yaani waliohama kutoka Makka, walioingia pale ni watatu tu wanaotajwa kwa majina, Abubakar, Umar na Abu Ubaida bin Jarrah, tena njiani walikutana na Maansari wawili wakawaambia msiende, malizeni mambo yenu wenyewe, wakaenda. Umar anasema alikuwa ameshapanga maneno yake kichwani, mazuri yanamfurahisha mwenyewe, anataka kufungua mdomo Abubakar akamwambia taratibu, akaongea ye, na Umar anasema wallahi hakuacha neno hata moja katika yale niliyoyapanga, na mengine akayasema vizuri kuliko mimi. Akawashika mikono Umar na Abu Ubaida akasema chagueni mmoja kati ya hawa wawili. Ansari mmoja akatoa wazo la kutoka kwetu amiri mmoja na kwenu amiri mmoja. Kelele zikapanda. Umar akaona watu watapigana, akamwambia Abubakar nyosha mkono wako, akampa baia, yaani ahadi ya utii, Wahajirina wakafuata, Maansari wakafuata, na katika vurugu ile yule mgonjwa karibu akanyagwe, mtu akapiga kelele mmemuua Saad! Riwaya nyingi zinasema Saad hakutoa baia mpaka alipohamia Sham akafia huko Hauran, na hakuna aliyemkata shingo kwa hilo.

Na wakati huo wote Sayyidna Ali, binamu na mkwe wa Mtume, yuko wapi? Yuko na maiti. Ye na ami yake Abbas na wanawe Abbas, Fadhl na Qutham, na Usama bin Zaid, na Shuqran, ndo wanaomwosha Mtume. Watu wa nyumba yenye msiba hawakuwepo kwenye kikao. Mie mkata sanda najua hilo lina uzito gani, mfiwa akitoka kuosha akaambiwa mambo yameshaamuliwa huko nje. Na Ali alikuja kutoa baia miezi sita baadae, baada ya Bi Fatma kufariki, akamwambia Abubakar wazi kwamba fadhila zako tunazijua ila mlijiamulia bila sisi, na sisi kwa ukaribu wetu na Mtume tuliona tuna fungu katika jambo hili. Abubakar hakumkemea, inasimuliwa machozi yalimtoka. Jirani yangu wa duka la pili ni Khoja, Shia Ithnaasheri, tunakunywa kahawa pamoja kila siku, ye ananiambia sheikh wangu sisi kwetu hakukuwa na cha kukaa kikao, jina lilishatajwa Ghadir Khum tarehe 18 Mfunguo Tatu mwaka wa 10, Mtume kamnyanyua Ali mkono mbele ya mahujaji akasema ambaye mimi ni maula wake basi Ali ni maula wake. Na sisi Masunni hadithi hiyo tunayo pia, hatuikatai, tunachobishana ni neno maula limebeba nini, mpenzi na msaidizi au mtawala. Hatujamalizana na hatutamalizana leo, kahawa inaendelea.

Ila hilo la nani alistahili mie siligusi. Ninachotaka mhariri ukichape kwa herufi nene kama nafasi ipo ni hiki. Mtu aliyenyosha mkono wa kwanza kumpa Abubakar baia ni Umar. Sasa msikilizeni Umar huyo huyo miaka kumi na mbili baadae. Mwaka wa 23, hija yake ya mwisho, yuko Mina, akaletewa habari kwamba kuna mtu anasema Umar akifa nitampa baia fulani, kwani baia ya Abubakar si ilikuwa jambo la ghafla tu na likatimia? Umar akakasirika akataka kuhutubia usiku ule ule, Abdurrahman bin Auf akamzuia, akamwambia hija inakusanya kila aina ya watu, neno litarushwa vibaya, subiri Madina. (Hapo na nyie wenye magrupu mngejifunza kitu.) Basi Ijumaa ya kwanza Madina, Ibn Abbas anasimulia aliwahi mapema, akamkuta Said bin Zaid ameshakaa kwenye nguzo ya mimbari, akakaa nae goti linagusana na goti, akamwambia leo huyu mtu atasema kitu hajawahi kusema. Na Umar akapanda akasema, iko kwenye Bukhari, kwamba ndio, ilikuwa jambo la ghafla, ila Mungu alikinga shari yake, na hakuna kati yenu ambaye shingo zinamwelekea kama Abubakar, na atakayempa mtu baia bila kuwashauri Waislamu basi asifuatwe ye wala huyo aliyempa, wasije wakauliwa wote wawili.

Yaani mwenye Saqifa yake kakataza Saqifa isirudiwe. Sasa wewe mwenye meseji saa kumi na moja alfajiri umeitoa wapi?

Alafu turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna asubuhi moja naipenda kuliko zote na ndugu mwandishi kairuka. Abubakar alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Mwenzangu! Amepewa ukhalifa, asubuhi inakucha, kabeba furushi la nguo begani anakwenda sokoni kama kawaida. Umar anakutana nae njiani, unakwenda wapi ewe khalifa wa Mtume? Sokoni. Na mambo ya Waislamu nani atayashika? Akamjibu, na wanangu wale nini? Hebu mtu aliyewahi kubeba jora la kitambaa begani ajaribu kuiona hiyo picha, jora halibebeki kwa heshima, linakupinda shingo, jasho linashuka, na huyu ndo mkuu wa dola. Wakaenda wakakaa wakampangia posho kutoka baitulmali, hazina ya Waislamu, riwaya moja inasema nusu kondoo kwa siku na nguo ya baridi na ya joto, ili aache soko afanye kazi ya watu. Hakujipangia mwenyewe. Na kwenye mimbari ameshawaambia, nimepewa uongozi juu yenu na mie si mbora wenu, nikifanya vizuri nisaidieni, nikipinda ninyosheni.

Akaongoza miaka miwili na miezi mitatu hivi, vita vya walioritadi, Yamama, jeshi la Usama ambalo wazee walikuwa wananung'unika kiongozi wake kijana mno, hayo yanajulikana. Anapoumwa kufa, mwaka wa 13, anamwambia Bi Aisha angalieni kilichoongezeka kwenye mali yangu toka nishike kazi hii, mpelekeeni atakayekuja baada yangu. Kikapatikana kitu kidogo tu, mtumwa mmoja, ngamia wa kutekea maji na kipande cha kitambaa. Umar alipoletewa akalia, akasema Abubakar amewachosha wanaokuja baada yake. Alafu ikaja habari ya sanda. Alikuwa amevaa nguo aliyougulia ndani yake, ina doa la zafarani, akasema iosheni hii, ongezeni mbili, nizikeni nazo. Aisha akasema baba hii imechakaa. Akajibu aliye hai ana haki zaidi ya nguo mpya kuliko maiti. Mie nauza sanda, hadithi hii inanivunjia biashara, lakini naisoma kila mara mteja anapobishana na ndugu zake kuhusu bafta ya bei gani.

Sasa mrithi. Hapa hakuna Saqifa. Abubakar alimuuliza Abdurrahman bin Auf, akamuuliza Uthman, akamuuliza Usaid bin Hudhair katika Maansari, mmoja mmoja, kitandani. Wengine hawakutaka, Talha alimwendea akamwambia utamjibu nini Mola wako kwa kutuwekea mtu mkali hivi? Akasema nitamjibu nimewawekea aliye bora wao. Uthman ndo anaandika, na inasimuliwa kwamba Abubakar alizimia kabla hajafika kwenye jina, Uthman akaandika "Umar bin Khattab" kwa hofu mgonjwa asije akakatika bila jina, alipozinduka akasomewa, akasema umepata. Huo uteuzi. Na Abubakar alikuwa na mtoto mtu mzima, Abdurrahman bin Abubakar, shujaa wa vita. Hakumtaja. Mlishikilie jina la huyo kijana, nitalirudia.

Umar nae akaja kuchomwa jambia alfajiri ndani ya sala, mwisho wa mwaka 23, na Abu Lulua, mtumwa wa Mughira bin Shuuba. Watu wanamwambia teua. Akasema nikiteua basi ameteua aliye bora kuliko mimi, yaani Abubakar, na nikiacha basi ameacha aliye bora kuliko mimi, yaani Mtume wa Mwenyezi Mungu. Hivo yule mwandishi angekuwepo pale chumbani angemwambia nini Umar, kwamba "utaratibu upo"? Umar hakuuona. Akatengeneza njia ya tatu kabisa. Watu sita ambao Mtume alifariki yuko radhi nao: Ali, Uthman, Zubair, Talha, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Auf. Wakae siku tatu, Suhaib asalishe watu, Suhaib aliyekuwa mtumwa wa Warumi. Said bin Zaid, ambae na ye alistahili, hakuwekwa, wanazuoni wanasema ni kwa sababu alikuwa ndugu yake Umar. Na mwanawe Abdullah bin Umar, mcha Mungu hasa, Umar akasema atahudhuria, ila hana fungu lolote katika jambo hili. Hana fungu. Kakaa kikaoni kama anayeshika koti.

Na huyo Abdullah akapewa kazi nyingine, akaambiwa na baba yake hesabu deni langu. Wakahesabu, 86 elfu hivi. Akamwambia mali ya ukoo wa Umar ikitosha lipa, isipotosha kaombe kwa Bani Adi, isipotosha kaombe kwa Maqureshi, usivuke hapo. Alafu nenda kwa Aisha umwombe nizikwe na wenzangu wawili, na usiseme Amiri wa Waumini anakusalimia, mie leo si amiri. Mtu tumbo limepasuliwa, maziwa wanayomnywesha yanatokea kwenye jeraha, anawaza deni na cheo asikitumie kuombea kaburi. Sisi kwetu marehemu kazikwa na mahesabu ya mabati ya msikiti hayajasomwa.

Kamati ya sita nayo ina utamu wake. Abdurrahman bin Auf, mfanyabiashara yule aliyefika Madina hana kitu akakataa kugawiwa mali akasema nionyesheni tu soko liko wapi, alijitoa kwenye kugombea ili awe msimamizi. Hapo tu pana somo, anayesimamia hagombei. Siku tatu anazunguka kuuliza watu, inasimuliwa mpaka wanawake ndani ya mapazia na watoto vyuoni na wasafiri wanaoingia mjini. Usiku wa mwisho anagonga mlango wa Miswar bin Makhrama, anamwamsha, naona umelala, wallahi mimi siku hizi tatu usingizi sijaupata wa maana, nenda kaniitie Zubair na Saad. Akaongea nao. Kaniitie Ali. Wakanong'ona mpaka usiku mkubwa, Ali akaondoka na tamaa. Kaniitie Uthman. Wakanong'ona mpaka mwadhini akawatenganisha. Baada ya Alfajiri kawakusanya Wahajirina, Maansari na makamanda wa majeshi waliokuja hija, msikitini, mbele ya mimbari, akasema ewe Ali nimeangalia mambo ya watu sijaona wanamlinganisha yeyote na Uthman, usijiwekee lawama moyoni. Na hadharani pale Uthman akapewa baia, Ali nae akatoa. Mtu akinambia mchakato ule haukuwa na kasoro sitakubali, wapo waliosema toka siku ile kwamba sharti la kufuata nyayo za makhalifa wawili waliotangulia lilimbana Ali. Ila kulikuwa na kuuliza watu. Kuuliza, mhariri.

Uthman ni mtu wa nguo pia, tajiri wa kweli kweli. Miaka kumi na mbili, msahafu tunaousoma leo umenakiliwa na kusambazwa kwa amri yake, hilo peke yake linatosha. Lakini jamaa zake, wa ukoo wake wa Bani Umayya na wengine, wakawa wengi kwenye vyeo, Walid bin Uqba mji wa Kufa mpaka akachapwa viboko kwa pombe, Abdullah bin Saad Misri, Abdullah bin Amir Basra, na Marwan binamu yake ndo mwandishi wa ofisi. Ye aliona ni kuunga undugu. Watu wa Misri na Iraq hawakuona hivo. Wakamzingira nyumbani wakimtaka ajiuzulu, akasema siivui kanzu aliyonivisha Mwenyezi Mungu, akauliwa mwaka wa 35 anasoma msahafu, mkewe Naila anamkinga kwa mikono vidole vikakatwa. Ile kanzu yenye damu ikapelekwa Damascus, Muawiya, gavana wa Sham, akaitundika kwenye mimbari na vidole vya Naila juu yake, watu wakawa wanakuja kulia chini yake. Mpaka leo Waarabu wakitaka kusema mtu anatumia msiba kwa siasa zake wanasema "kanzu ya Uthman".

Sayyidna Ali alifuatwa baada ya hapo, akakataa kwanza, akasema kama ni lazima basi iwe msikitini na isiwe kwa siri. Hiyo njia ya nne. Yaliyofuata nayapitia haraka maana yanauma, vita vya Ngamia mwaka wa 36, Siffin 37 na misahafu juu ya mikuki, Nahrawan 38, na upanga wa Ibn Muljam uliomuua Ali mjini Kufa, Ramadhani ya mwaka 40. Alipoulizwa tumpe baia mwanao Hassan, akasema siwaamrishi wala siwakatazi. Angalia maneno ya mtu ambaye kwa jirani yangu wa duka la pili uimamu ni wa nyumba yake.

Hassan akakaa miezi sita, akamwachia Muawiya mwaka wa 41 ili damu isimwagike. Na Muawiya ndo akaja na lile ambalo hatukuwa nalo. Akataka baia ya mwanawe Yazid wakati ye mwenyewe yu hai. Marwan, gavana wa Madina, anasimama mimbarini analinadi jambo hilo, na kutoka kwenye safu anainuka mtu mmoja, Abdurrahman bin Abubakar. Ndo yule. Mtoto wa khalifa wa kwanza ambaye baba yake hakumpa chochote. Inasimuliwa akasema hii si sunna ya Abubakar na Umar, hii ni ya Heraklio na Kaisari, mfalme akifa anakaa mfalme. Marwan akaamrisha akamatwe, akakimbilia chumbani kwa dada yake Bi Aisha, hawakuthubutu kuingia. Muawiya akafa mwaka 60, Yazid akakalia kiti, na Muharram ya 61 mnajua kilichotokea Karbala, Hussein mjukuu wa Mtume kuuliwa.

Na sisi watu wa pwani tusijifanye hayo ni ya Waarabu wa zamani. Maibadhi wa Oman walishikilia tokea karne ya pili Hijria kwamba imamu anachaguliwa na hata si lazima awe Mqureshi, imamu wao wa kwanza Oman, Julanda bin Masoud, mwaka 750, lakini masultani wao Mabusaidi walipokaa Unguja ikawa ni mambo ya nyumba moja tu. Seyyid Said kafia baharini 1856, watoto wakagombana, Majid huku, Thuwaini Muscat, Barghash anataka nae, mpaka Muingereza kutoka India, Lord Canning, ndo akakata shauri 1861 nani achukue nini. Na 1896 Khalid bin Barghash kaingia kwenye jumba la kifalme siku ile ile Sultani kafariki, siku mbili baadae mizinga ya Muingereza, haikufika hata saa moja. Waliozika hawajamaliza kufuta jasho.

Kwa hiyo ndugu mwandishi nakuomba urudie sentensi yako. Njia zilikuwa nne kwa watu wanne, wa kwanza kikao cha ghafla ambacho Umar mwenyewe kakataza kisiigwe, wa pili barua, wa tatu kamati, wa nne watu wamemwendea msikitini. Na katika wote wanne hakuna hata mmoja aliyemwachia mwanawe kwa kauli yake. Kama unayo riwaya ya kunikosoa ilete, nitaisoma, nipo dukani kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.

Huku kwetu kijana mwenyewe si mbaya, tena ana adabu, juzi kapita dukani kununua vitambaa vya kanzu za walimu wa madrasa, nikamuuliza mwanangu risiti niandike jina la nani, la msikiti au lako? Akakaa kimya kidogo akasema andika la msikiti. Nikaandika, nikampa na nakala. Kikao cha jamaa wote kimetangazwa Jumapili baada ya Isha, yule mzee aliyetolewa kwenye grupu kaambiwa kwa simu, na funguo za sanduku bado ziko kwa kijana.

Wasalaam,
Muuza bafta, Tanga